Anwani Mpya ya Tunatafutana

Ujumbe uliingia kwenye tovuti siku ya soko, Uwineza akiwa anampigia chapa mteja barua ya kuomba kazi. Aliusoma, akaurudia, kisha akamwambia mteja asubiri kidogo. Akatoka nje, akasimama barazani akiwatazama wachukuzi wanaopanda na magunia kutoka stendi ya Kamembe, na hakuona hata mmoja wao.

Ujumbe ulisema hivi: "Huyu mutoto Mugwaneza wa ku picha, mimi naamini namujua. Iko na alama ya moto ku mukono wa kushoto, karibu na kiwiko. Sasa ni mama ya mutoto. Niko naenda kumuuliza mbele ya kusema mengi. Nitarudi hapa hapa kwenu. Cubaka."

Hakuacha namba ya simu. Hakuacha barua pepe. Aliacha jina moja tu, na neno moja lililomtoa Uwineza nje: kiwiko. Ukurasa wa Mugwaneza ulikuwa na picha yake ya utoto, majina ya wazazi na mahali alipopotelea. Kovu la moto halikuandikwa popote. Lilijulikana nyumbani tu, kwa wale waliokuwepo siku mtoto alipoegemea jiko la makaa.

Mugwaneza alikuwa dada mdogo wa mume wake. Vita vilipoingia Bukavu mwaka 1996, familia ilikimbia na umati kwenye barabara ya Walungu, na mtoto wa miaka sita akapotea katikati ya watu. Sasa ulikuwa mwaka 2009. Uwineza, aliyeolewa baadaye katika nyumba hiyo, hakuwahi kumwona. Lakini ni yeye aliyeanzisha Tunatafutana, tovuti ambayo watu wa pande zote mbili za mto Rusizi, wa Rwanda na wa Kongo, walileta majina na picha za waliowapoteza. Aliitunza kwenye kompyuta ile ile ya sekretaria, kijiduka chake cha kuchapia barua za watu na kutolea fotokopi.

Anwani ya tovuti haikuwa yake. Ilikuwa ya shirika moja la misaada, lililompa nafasi bila malipo. Na shirika lilikuwa linafunga mradi wake wa Cyangugu. Mwisho wa mwezi, walimwandikia, anwani itazimwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ile ile.

Alirudi ndani, akaandika jibu chini ya ujumbe wa Cubaka: anwani mpya watakayohamia, namba yake ya simu, na ombi kwamba asichelewe. Kisha akamaliza barua ya mteja. Aliikosea mara mbili, na mteja akamwambia kwa ukali, "Maman, kama kazi imekushinda, kuko sekretaria ingine pale mbele."

"Unisamehe, papa," alisema Uwineza, akaanza upya.

*

Mudathiru alikuwa uani akipigilia kitambaa kipya kwenye kiti cha mteja, misumari midogo imejaa mdomoni. Alimsikiliza mke wake mpaka mwisho, kisha akaitema misumari kiganjani.

"Usimwambie Mama."

"Lakini amesema kiwiko, Papa Shamimu. Nani angejua?"

"Yule wa Goma naye alisema mengi, kwamba atamleta." Sauti yake ilikuwa chini, lakini nzito. "Tukamtumia nauli. Tukaenda kumpokea ku mashua, Mama amevaa kitenge kipya. Watu wote wakashuka, mabaharia wakaanza kuosha mashua, Mama bado amesimama pale. Mimi sitaki kuona ile siku tena. Tulishapatana na Baba mdogo: Ijumaa ya wiki mbili zijazo tunamsomea hitima. Mtoto apumzike. Na sisi tupumzike."

"Unamsomea hitima mtu ambaye labda anapika ugali sasa hivi?"

Mudathiru aligeuza kiti miguu juu, akaanza kukaza kamba ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

"Nani amesema kiwiko?"

Mukabalisa alikuwa amesimama mlangoni, ungo wa maharage mikononi. Walidhani amekwenda kwa jirani. Mwanawe aliinamia kiti. Uwineza ndiye aliyejibu, kwa sababu hakuna uwongo uliomjia haraka. Alimwambia yote, na yule mama mzee alisikiliza, ungo bado mikononi. Mwishoni aliuweka ungo chini.

"Basi atarudi," alisema. "Muntu anayesema nitarudi hapa, anarudi hapa. Ninyi muangalie tu asikute mulango umefungwa."

*

Uwineza aliamini kwamba Cubaka hataukuta mlango umefungwa. Ndugu yake Muhigirwa, mhasibu huko Kigali, alikuwa na kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, na alikuwa amewanunulia anwani mpya pamoja na mahali pa kuweka kurasa. Uwineza alinakili kila kitu: majina, picha, ujumbe wa wageni. Alifungua anwani mpya, akaona picha zote zimekaa mahali pake, akabofya huku na huku, kurasa zikafunguka. Alimpigia Muhigirwa simu kumshukuru. Alilala vizuri.

Siku anwani ya zamani ilipozimwa, alifika kazini, akafungua ile mpya, akadhani mashine imeharibika. Majina yalikuwepo. Picha hazikuwepo hata moja. Mahali pa kila uso palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo ya kuvunjika. Alibofya jina la Mugwaneza. Kioo cha kompyuta kikamwandikia kwamba ukurasa huo haupatikani. Alibofya jina la mzee mmoja wa Nkanka, la mapacha wa Giheke, la mke wa fundi cherehani wa jirani. Haupatikani, haupatikani.

Watu walikuwa wameanza kupanga mstari kwa ajili ya fotokopi za vitambulisho. Mmoja wao alikuwa yule fundi cherehani. Alichungulia kioo juu ya bega lake.

"Na mama ya batoto yangu? Amekwenda wapi?"

"Yupo, jirani. Nitamrudisha."

"Nilikupatia picha yake ya mwisho, Maman Shamimu. Sina ingine."

"Picha ninayo. Ninayo, ninakuambia." Alihisi uso unamwaka moto mbele ya mstari mzima. Picha alikuwa nazo kweli, kwenye mashine na kwenye diski ndogo. Ila hakujua kwa nini hazionekani, na watu waliomwamini walikuwa wanamwona hajui.

*

Alikwenda ofisini kwa shirika. Mlinzi aliyemfahamu kwa miaka alimwambia leo hakuna wageni, akamwelekeza kwenye benchi nje ya lango. Magari yaliingia, mengine yakatoka na meza na makabati. Mwanamke mmoja wa ofisini alipita akamuuliza kwa Kifaransa kama amekuja kununua viti vya zamani. Uwineza alisema hapana, yeye ni wa tovuti. "Ah, tovuti," alisema yule mwanamke, akaenda zake.

Mwishowe alitoka Wenceslas mwenyewe, mratibu wa mradi, mwanamume mrefu mwenye shati lililojaa vumbi la makaratasi. Alikuwa amebeba boksi, na hakuliweka chini.

"Maman Shamimu. Nilikuandikia barua mara mbili kuhusu tarehe."

"Nilihamisha, mzee. Kila kitu nilihamisha. Lakini asubuhi picha zote zimepotea."

Alimuuliza maswali machache, kisha akatikisa kichwa. "Ulihamisha kurasa, lakini ndani ya kurasa liens, vile viungo vya kubofya, zilibaki vile vile. Kila picha ilikuwa bado inaitwa kutoka kwetu. Ulipotazama ukaona iko sawa, kwa sababu kwetu kulikuwa bado kuko wazi. Usiku wa kuamkia leo tumefunga, basi."

"Fungueni tena. Wiki moja. Au mtu akigonga kule aelekezwe kwetu. Kuko mtu anaweza kurudi, mzee. Amesema amemwona dada ya mume wangu."

"Neno la siri liko Ulaya. Niliwaandikia tangu mwezi uliopita, niliomba hicho hicho unachoomba. Walisema mkataba wa anwani umekwisha." Alihamishia boksi mkono mwingine. "Mimi mwenyewe Jumatatu sina kazi, Maman. Nikiwaandikia leo hawatanijibu hata salamu."

Uwineza alitazama ndani ya boksi: kalenda, kikombe, picha ya harusi ndani ya fremu. Hasira aliyokuja nayo ikakosa mahali pa kutua.

"Badilisha zile za ndani," alisema Wenceslas, sasa kwa upole. "Hizo ziko mikononi mwako. Halafu tafuta watu wengine wote walioweka lien ya anwani yenu kwenye tovuti zao. Uwaombe mmoja mmoja. Huyo mtu wako hakuanguka kutoka juu. Kuna mahali alibofya."

*

Kubadilisha za ndani kulionekana rahisi. Kulikuwa na amri ya kubadilisha neno moja kwa jingine katika kurasa zote kwa pamoja. Uwineza aliiambia mashine: kila penye anwani ya zamani, weka mpya. Mashine ilikubali. Kurasa zikaanza kufunguka. Picha chache zikarudi, nyingi zikakataa.

Mukabalisa alikuwa amekuja kukaa naye, kwenye kigoda kando ya mashine ya fotokopi, tasbihi mkononi. "Wale wamerudi," alisema, akionyesha mapacha wa Giheke. "Wangu bado?"

"Bado, Mama."

"Amekosa nini?"

Hilo ndilo Uwineza alilomuuliza Muhigirwa kwa simu. Muhigirwa alimwambia asome jina la picha inayofunguka, kisha jina la inayokataa, herufi kwa herufi. Alisoma. Upande wa pili wa simu ndugu yake akacheka. "Herufi kubwa! Pale zamani, Picha na picha ilikuwa kitu kimoja. Hapa tunapolipia sasa ni vitu viwili. Mashine inatafuta picha ya herufi ndogo, wewe umeweka ya herufi kubwa."

Uwineza naye alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Tangu alipoanza tovuti alikuwa akiandika majina ya picha vile mkono ulivyotaka siku hiyo. Sasa ilibidi azipitie, moja moja, katikati ya wateja. Alipofika kwa Mugwaneza hakusema kitu. Aligeuza kioo kidogo kuelekea kigodani. Mukabalisa alimtazama binti yake, mashavu ya utotoni na gauni la Idi, akanyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa kioo.

"Bateja yako bananiangalia," alisema. "Fanya kazi."

Jioni fundi cherehani alipita akielekea nyumbani. Uwineza alimwita, akamwonyesha mke wake. Yule mwanamume alivua kofia, akasema tu, "Asante. Nilisema maneno mabaya asubuhi ile."

"Hukusema mabaya."

*

Za nje zilikuwa ngumu zaidi. Uwineza aliandika anwani ya zamani kwenye kisanduku cha kutafutia, akaona kurasa za watu wengine zilizoitaja: kundi la wanafunzi wa zamani wa Uvira, kituo cha redio cha jamii, jukwaa la Wakongo walioko Ubelgiji, parokia moja ya Bukavu, na nyingine ambazo hazikuguswa kwa miaka. Aliwaandikia wote. Alieleza kwa adabu kwamba Tunatafutana imehama, akaweka anwani mpya, akaomba wabadilishe.

Redio ilibadilisha siku hiyo hiyo. Wanafunzi wa Uvira hawakujibu. Mtu wa Ubelgiji alijibu haraka: "Kabla sijagusa kitu, mniambie ninyi ni watu wa upande gani. Tunazijua tovuti za Rwanda."

Uwineza aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika la pili, kali kuliko la kwanza, akalifuta nalo. Mudathiru, aliyekuwa amekuja kumletea chakula, alisoma ule ujumbe juu ya bega lake.

"Kwa hiyo hata kutafuta mtoto kunataka kadi ya chama?"

"Acha. Naye kuna mtu wake amepotea, labda." Aliandika maneno machache: fungua ukurasa, soma majina, utaona na ya kwenu yapo. Akatuma. Yule mtu hakujibu, lakini baadaye mwezi ule Uwineza alipotazama tena, anwani kule Ubelgiji ilikuwa imebadilishwa.

Parokia ya Bukavu ilikaa kimya. Aliandika tena, kimya. Alipiga simu, ikalia bila kupokelewa. Na Uwineza alikuwa na wasiwasi na hiyo parokia kuliko nyingine zote, kwa sababu Cubaka ni jina la Kishi, lugha ya huko Bukavu, na watu wa Kivu wanaopotelewa na mtu huanzia kanisani hata kama si wa kanisa hilo.

"Tutaenda," alisema Mukabalisa.

"Mama, magoti yako."

"Magoti yangu yalifika Walungu kwa mguu. Yatafika Bukavu kwa pikipiki."

Mudathiru alikuwa akila. Hakumtazama mama yake. Hitima ilikuwa Ijumaa inayokuja, na Baba mdogo alikuwa ameshazungumza na shehe. "Na sekretaria?" aliuliza.

"Nitafunga."

"Usifunge." Alimeza, akanywa maji. "Nitakaa mimi. Fotokopi si ni kubonyeza tu?"

*

Walivuka asubuhi, katikati ya wanawake waliobeba nyanya na sambaza, dagaa wa ziwani, kwenda kuuza ng'ambo. Kwenye daraja Mukabalisa alitembea taratibu, mkono umeshika ukingo. Afisa wa upande wa pili aligeuza karatasi yake ya kuvukia, akamtazama.

"Mama mzee, unaenda kufanya nini Bukavu?"

"Kubadilisha lien," alisema Mukabalisa.

Afisa alimtazama Uwineza, Uwineza akatazama chini ili asicheke. Walipigiwa muhuri.

Katibu wa parokia aliitwa Maman Murhula, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kompyuta yake ilifunikwa kitambaa cha kudarizi. Aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, akitazama hijabu zao, akisikiliza jinsi wanavyotamka maneno.

"Mumetoka Rwanda."

"Kamembe," alisema Uwineza. "Tuliandika barua pepe, Maman. Mara mingi."

"Courant ya umeme hapa inakata siku zote. Na barua pepe zinaletaka uwongo mingi. Juzi mumoja aliniandikia ni mutoto wa mufalme." Alimgeukia Mukabalisa. "Na wewe, mama? Ni nani umepoteza?"

"Binti yangu. Tulikuwa tunaishi Kadutu, karibu na soko. Nilikuwa nauzisha mafuta ya mawese. Vita ikaingia, tukakimbia na barabara ya Walungu."

"Kadutu upande gani?"

"Chini ya ile kinu ya zamani. Kwa Mama Cecilia wa mandazi."

Maman Murhula aliikunjua mikono. "Mama Cecilia alikufa," alisema. "Mandazi yake nilikulaka kila siku nikienda masomo." Akakiondoa kile kitambaa juu ya kompyuta. "Mukae. Courant ikikuja, tutafanya."

Umeme ulikuja baada ya sala ya mchana. Uwineza alimwelekeza, naye Maman Murhula alichapa kwa kidole kimoja, akisoma kila herufi kwa sauti kana kwamba anamfundisha mtoto. Walipomaliza walibofya. Tunatafutana ikafunguka ndani ya ofisi ya parokia, picha zote mahali pake. Maman Murhula alishuka na ukurasa polepole, mbali zaidi ya ilivyohitajika, midomo yake ikisoma majina. Akauliza, bila kuwatazama, "Na muntu akitaka kuleta jina, anafanya vipi?"

Uwineza alivuta kiti karibu.

*

Walirudi Kamembe wakamkuta Mudathiru katikati ya karatasi nyeusi. Mteja mmoja alikuwa amepewa fotokopi ya nyuma ya kitambulisho na nyuma tena. Mwingine ameondoka na hasira. Mudathiru alikuwa na wino mpaka sikioni.

"Nimemwambia Baba mdogo tuahirishe," alisema, akijipangusa. "Usiniulize kitu. Nimemwambia tu tuahirishe."

"Amesemaje?"

"Amesema ninamdanganya Mama kwa matumaini. Nikamwambia Mama ndiye anayenidanganya mimi."

Siku zilipita, kisha wiki. Mukabalisa hakuwa akiuliza. Alikuja kigodani asubuhi, akaondoka mchana, na watu wa fotokopi wakamzoea hata wakaanza kumletea habari za vijijini mwao. Mudathiru alianza kuona aibu kukutana na Baba mdogo msikitini.

Simu ilipolia, Uwineza alikuwa amepanda juu ya meza akibadilisha balbu. Namba ilikuwa ya Kongo.

"Ni kwenu pa Tunatafutana?" iliuliza sauti ya mwanamume, nyuma yake makelele ya soko. "Mimi ni Cubaka. Niko mwalimu kule Kamituga. Nikikuja Bukavu kuchukua mushahara njo ninapata intaneti. Niliweka ile adresi mu karatasi, nikaijaribu leo, haifunguke. Nikasema hawa watu bameisha. Nikapita tu ku ukurasa wa parokia, pale niliwaonaka mwanzo, nikabofya, mukatoka."

Uwineza alishuka mezani. Hakukumbuka baadaye alishukaje.

Cubaka alieleza kwa haraka, akihofia muda wa simu. Mama yake alimwokota mtoto barabarani, analia, ana homa. Walikwenda naye hadi Kamituga. Kwa ile homa mtoto hakutaja jina lake; alikuwa akisema tu kwamba la mama yake ni Mama, na la mtaa wake ni soko. Walimpa jina Nshobole. Alikulia kwao, akasoma kidogo, akajifunza kushona, akapata mume na mtoto wa kiume. Cubaka alipomwonyesha picha aliyoichapisha, alikaa nayo siku nzima. "Leo nimekuja naye Bukavu. Iko hapa pembeni. Lakini anaogopa."

Mukabalisa alikuwa amesimama tayari, mkono umenyooshwa. Uwineza akampa simu.

Sauti ya soko la Bukavu ilisikika ndani ya sekretaria.

"Mimi ni mama yako," alisema Mukabalisa.

Sauti ya msichana ilikuja, nyembamba, kwa Kiswahili cha Kamituga. "Juu ya nini uliacha mukono yangu?"

"Sikuachaka. Balitupitia katikati. Watu mingi, na mifugo, na mizigo. Nilirudia nyuma, nikarudia, nikakungojea ku daraja siku ile yote mupaka balitufukuza."

"Mimi pia nilingojea ku daraja," ilisema ile sauti.

"Daraja ile ndogo? Ya mbao?"

"Yee. Nilikaa upande ile ya Walungu. Nilisema utavuka."

Mukabalisa akakaa chini, sakafuni, kati ya karatasi. "Mimi nilikuwa upande ingine, mutoto yangu," alisema. "Nilikuwa nasema wewe njo utavuka."

Mwenye kusubiri fotokopi aliweka kitambulisho chake mezani taratibu, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake.

*

Walikutana uani kwa parokia, kwa sababu ilikuwa katikati na Maman Murhula hakukubali mahali pengine. Alikuwa ametandika kitambaa chake cha kudarizi juu ya meza ya nje. Mudathiru alivaa kanzu ya Idi. Alipomwona mwanamke kijana akiingia langoni na mtoto mkononi, alikwenda hatua chache, akasimama, kwa sababu mwendo ule ulikuwa wa mama yake. Hakuuliza alama yoyote. Ni yeye msichana aliyekunja mkono wa blauzi na kuonyesha kiwiko, haraka, kama mtu anayeonyesha karatasi mpakani. Mukabalisa aliushusha mkono wa blauzi, akaufunika mkono wa mwanawe.

"Hakuna anayekuuliza," alisema, akamvuta kifuani.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamke mwembamba wa makamo, ameshika kuku mzima miguu. Ni mama yake Cubaka. Alikuwa amepita barabara mbovu tangu jana juu ya lori, na alitazama lile kumbatio kama mtu anayetazama mlango unaofungwa. Mukabalisa alimwona juu ya bega la binti yake. Alimwachia binti, akaenda kwake. Alianza kusema shukrani aliyokuwa ameitayarisha njiani, akaiacha katikati.

"Nani alimufundisha kushona?" aliuliza mwishowe. "Hii blauzi ameshona vizuri."

"Ni mimi," alisema mama yake Cubaka. "Mwanzo alikuwa anavunja sindano tu."

"Na mimi navunjaka sindano."

Yule mwanamke alicheka, machozi yakamtoka wakati huo huo, akanyoosha kuku mbele. "Nilisikia ninyi ni Waislamu. Njo maana nimeleta iko muzima. Mutachinja wenyewe."

Mudathiru alimpokea kuku kwa mikono miwili. Akainama kama anayeinamia mzazi.

Walizungumza mambo ya kweli pia, wakiwa wamekaa. Mugwaneza alisema hatahama Kamituga. Mume wake yuko kule, na cherehani yake, na mama huyu. Kinyarwanda hajui hata salamu. Lakini atakuja Kamembe Idi inayofuata, akae siku nyingi, mtoto awajue. Mukabalisa alisikia neno hatahama, akalimeza, akauliza safari ya lori ni ya siku ngapi na kama mtu mwenye magoti mabaya anaweza kukaa mbele na dereva. Cubaka alisema anaweza. Uwineza na Maman Murhula walikuwa wamekwisha kuingia ofisini: katibu alikuwa amekusanya majina ya waumini wake tangu siku ile, na umeme ulikuwepo.

Pale uani kuku alimponyoka Mudathiru. Mtoto wa Mugwaneza akamfuata mbio, moja kwa moja kuelekea lango lililo wazi na barabara yenye pikipiki.

"Mugwaneza, mutoto!" alipiga kelele Mukabalisa.

"Nshobole, mutoto!" alipiga kelele mama yake Cubaka, pumzi ile ile.

"Yee, Mama!" aliitika yule binti, ameshafika langoni, ameshamnyakua mtoto, na wale wanawake wawili wakaketi tena kwenye benchi, kila mmoja ameitikiwa.